Kiwanja Mbeya: namna ya kusoma mchoro wa mipango miji kuanzia jiji zima hadi bikoni

Malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua kiwanja pembezoni mwa jiji, kaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kashusha tofali na mchanga, ndipo anaambiwa kwamba kwenye mchoro pale pameandikwa shule ya msingi. Mwingine kapimiwa vizuri, bikoni nne, zile alama za zege za kona za kiwanja, zimesimama, ila nusu ya kiwanja imo ndani ya mita 60 za mto. Hawa si watu wazembe. Walikagua, lakini walianza na kiwanja na wakaishia hapo hapo kwenye kiwanja.

Mji wa makazi hupangwa kwa kushuka. Linaanza jiji zima, linafuata eneo la mchoro, kisha ujirani, kisha kitalu, na mwisho kabisa kiwanja. Uamuzi uliofanywa ngazi ya juu hautenguliwi na ngazi ya chini. Bikoni zikae sawa namna gani, hazitaondoa barabara ambayo jiji limeipitisha juu yake. Kwa hiyo na wewe kagua kwa kushuka, na ukikwama ngazi yoyote simama hapo hapo, usiendelee kutumia nauli.

Mifano yangu ni ya Mbeya, lakini utaratibu ni huo huo Iringa, Njombe, Makambako, Mafinga au Tunduma, kwa sababu sheria ni moja: Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Nakala ya mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, ule ambao wengi huuita TP. Nakala uliyotumiwa na dalali kwa WhatsApp ni ya kukupa namba ya mchoro tu.
- Ramani ya upimaji, kama eneo limeshapimwa. Hii ndiyo yenye kodineti za bikoni, yaani namba zinazoonyesha kila bikoni ilipo.
- Namba ya kitalu na namba ya kiwanja, zimeandikwa, si za kusikia.
- Rula ya sentimita, kalamu za rangi mbili au tatu, na kikokotoo cha simu.
- Simu yenye GPS na programu ya ramani inayokubali kodineti za UTM (mfumo wa kodineti kwa mita) na kukuruhusu kuchagua datamu, yaani msingi ambao kodineti zimehesabiwa juu yake.
- Mkanda wa kupimia wa mita 30 au 50.
- Viatu vya mpira. Kama unaweza, nenda kati ya Januari na Aprili, mvua ikiwa imekolea. Kiwanja cha Agosti huwa hakina dosari.
- Fedha ya upekuzi (kukagua kumbukumbu za umiliki ofisi ya ardhi) na ya kumlipa mpima mwenye leseni kwa siku moja. Itakuuma, lakini ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kiwanja.

## Hatua ya 1: Anza na jiji zima

Nenda halmashauri, idara ya mipango miji, uombe kuonyeshwa mpango kabambe unaotumika, yaani ramani kuu ya matumizi ya ardhi ya jiji zima. Huhitaji nakala. Unahitaji dakika chache mbele ya ramani, kidole chako kikiwa juu ya kata unayotaka kununua.

Swali ni moja: *upande huu wa jiji umekusudiwa nini?* Makazi, viwanda, kilimo cha mjini, hifadhi ya mlima, chanzo cha maji, au upanuzi wa baadaye ambao bado haujapangwa kwa kina.

Kwa Mbeya ngazi hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Jiji limebanwa na safu ya milima upande wa kaskazini, Loleza ikiwa juu ya kichwa, na limejinyoosha kufuata barabara ya TANZAM, ile iendayo Zambia, kutoka Uyole mpaka Iyunga, kisha Iwambi kuelekea Mbalizi. Jiji refu lenye uti wa mgongo mmoja lina tabia yake: barabara kubwa ikiguswa, wanaguswa watu wengi. Kazi ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ni mfano ulio mbele ya macho. Barabara ya mchepuo iliyopangwa kati ya Uyole na Songwe ni mfano mwingine, na hiyo ndiyo ya kuulizia kwa makini, maana barabara ya namna hiyo hupita sehemu ambazo leo ni mahindi na viazi tu.

Uliza pia kuhusu njia ya umeme mkubwa, reli ya TAZARA na bomba la mafuta la TAZAMA. Vyote vinapita ukanda huu, na kila kimoja kina hifadhi yake isiyojengwa.

Angalizo. Ukiambiwa eneo bado ni ardhi ya kijiji, simama. Huko inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na anachokuuzia dalali kwa jina la kiwanja ni kipande cha shamba kilichokatwa kwa kamba. Pengine utakitaka hivyo hivyo, na hatimiliki ya kimila ni haki halali. Lakini usikilipie bei ya kiwanja kilichopimwa.

Umefaulu ukiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: eneo hili kwenye mpango kabambe ni makazi, na hakuna barabara kubwa, reli, bomba wala njia ya umeme inayopita juu yake.

## Hatua ya 2: Upate mchoro wenyewe, na ujue kama umepitishwa

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo twende polepole.

Mchoro wa mipango miji unaonyesha eneo la ukubwa wa mtaa mmoja au kadhaa: viwanja, barabara za ndani, shule, zahanati, soko, maeneo ya wazi, sehemu za ibada. Kabla hujaangalia kiwanja chako, angalia pembeni na chini ya karatasi. Pale pana jina la mchoro, namba yake, kipimio, ufunguo wa alama, na sehemu ya saini na mihuri.

Mchoro usio na saini na muhuri wa kuidhinishwa ni pendekezo. Pendekezo hubadilika: barabara inasogea, kitalu kinageuka, eneo la wazi linahama. Maneno "upo wizarani, unatoka wiki ijayo" nimeyasikia kwa viwanja ambavyo vyenyewe vilishaota mikaratusi. Mchoro ukiwa haujapitishwa hununui kiwanja namba fulani, unanunua matumaini ya namba.

Kisha soma ufunguo. Usikisie rangi. Michoro ya zamani ilichorwa kwa mkono na imenakiliwa nyeusi na nyeupe, ya sasa hutoka kwenye kompyuta ikiwa na rangi, na wachoraji hawafanani. Kinachotawala ni ufunguo wa mchoro ule ule ulioushika.

### Kipimio kinavyodanganya

Tuseme mchoro umeandikwa 1:2500. Maana yake sentimita moja kwenye karatasi ni mita 25 ardhini. Kiwanja chenye upana wa milimita 8 na urefu wa milimita 12 ni mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Barabara yenye upana wa milimita 4 ni mita 10.

Hesabu hiyo ni kweli kwa karatasi asili tu. Mchoro mkubwa ukipunguzwa kuwa A4 kwenye mashine ya fotokopi, maandishi 1:2500 yanabaki yale yale wakati mistari imesinyaa. Ndiyo maana mtu anapima, anapata kiwanja cha mita 10 kwa 15, anaenda kugombana na mpima bila sababu.

Dawa ni mstari wa kipimio, ule uliogawanywa vipande kama rula ndogo chini ya mchoro. Karatasi ikisinyaa, nao unasinyaa pamoja na kiwanja. Weka rula juu yake: kama kipande kilichoandikwa mita 100 kina sentimita 4, kipimio ni kile kilichoandikwa. Kama kina sentimita 2, basi kwenye karatasi yako kila sentimita ni mita 50, na hesabu zote ufanye kwa hiyo. Mchoro usio na mstari huo, tafuta mraba wa gridi wenye kodineti pembeni, utoe namba moja kwenye nyingine, utapata umbali.

Umefaulu ukiwa una nakala iliyopitishwa, umeandika kwa kalamu kipimio halisi cha karatasi yako, na umekizungushia duara kiwanja unachotaka.

## Hatua ya 3: Chora mistari ambayo hairuhusu nyumba

Chukua kalamu nyekundu. Sasa unahamisha sheria kuiweka kwenye karatasi.

Mito na vijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Kwa 1:2500 hiyo ni sentimita 2.4. Weka mstari pande zote mbili za mto. Mbeya ina vijito vingi vinavyoshuka kutoka mlimani kukatisha mitaa, na vingine kiangazi ni ufa tu uliojaa takataka. Ufa huo usiudharau. Iringa fanya hivyo hivyo kwa mto Ruaha Mdogo na mikono yake.

Barabara kuu na za mkoa, zilizo chini ya TANROADS: mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa 1:2500 ni sentimita 1.2. Pima kutoka katikati, si kutoka ukingo wa lami. Wauzaji hupenda kuanzia kwenye lami, na tofauti hiyo inatosha kabisa kuletea ukuta wa duka alama ya X.

Barabara za mitaa, zilizo chini ya TARURA: upana ni ule uliochorwa. Pima kwenye mchoro, kisha ukafananishe na hali ilivyo. Ukikuta mchoro unasema mita 10 na ardhini pikipiki mbili zinapishana kwa shida, ujue kuna mtu kajenga barabarani, na siku ya kuipanua barabara huyo mtu anaweza kuwa anayekuuzia.

Miteremko mikali. Mchoro hautakuonyesha vizuri. Mwezi Aprili 2024 matope yaliporomoka kutoka mlima Kawetele, yakafukia nyumba kule Itezi. Nyuma ya kiwanja kukiwa na mlima uliokatwa miti au kulimwa mpaka juu, huo nao uhesabu kama mstari mwekundu, hata kama hakuna afisa aliyeuchora.

Umefaulu ukiwa duara la kiwanja chako halijaguswa na wekundu hata kidogo. Likiguswa kona tu, usijipe moyo kwamba utajenga upande wa pili. Hiyo kona ndiyo itakayokwamisha kibali cha ujenzi.

## Hatua ya 4: Ngazi ya ujirani

Kabla ya kununua, watu wengi wanaruka hapa. Wakishahamia, hii ndiyo ngazi wanayoilalamikia kuliko zote.

Ujirani ni kipande cha mji kinachotosha kuwa na shule yake ya msingi. Wazo hili liliwekwa kwenye karatasi mwaka 1929 na Mmarekani Clarence Perry: shule iwe katikati, barabara kubwa zipite pembeni badala ya kukatiza, maduka yakae kwenye kingo, na mtoto asitembee zaidi ya robo maili, mita 400 hivi, kufika darasani. Wapangaji wetu wanafundishwa hesabu hiyo mpaka leo, na ukiijua utaona haraka mchoro uliofikiriwa na ule uliokatwakatwa ili viwanja viwe vingi.

Fanya hivi. Weka ncha ya kalamu kwenye kiwanja. Chora njia ya miguu mpaka shule ya msingi, ukifuata barabara zilizochorwa, si mstari ulionyooka. Pima. Fanya hivyo tena kwa zahanati, soko na kituo cha daladala. Kisha hesabu barabara kubwa ambazo mtoto wa darasa la kwanza atavuka peke yake. Mimi mtu akiniambia njia ya shule inakatisha TANZAM, namwambia aendelee kutafuta.

Na kumbuka mwinuko. Mita 400 za tambarare ya Uyole na mita 400 za kupanda kuelekea Loleza hazifanani, hasa kwa mama mwenye ndoo au mzee anayerudi hospitali.

Jambo la pili ni maeneo ya wazi na ya huduma. Yote yazungushie kijani, kisha nenda kayaone kwa macho. Eneo lililoandikwa shule likiwa tupu, ni sawa, pengine zamu yake haijafika. Likiwa na nyumba sita zenye mabati mapya, una habari mbili mbaya: shule haitajengwa hapo, na kuna mtu mtaani anayeuza maeneo ya umma. Chunguza kama si huyo huyo aliyekuletea kiwanja chako.

Kwenye maeneo ya urasimishaji utaratibu ni mwingine. Nyumba zilitangulia, mchoro ukafuata, na barabara zilipatikana kwa majirani kukubali kumega viwanja vyao. Mwulize muuzaji mbele ya kamati ya urasimishaji ya mtaa: kiwanja hiki kimemegwa kiasi gani, na huo mmego umeshaingia kwenye ramani? Ukubwa aliokuwa nao kabla ya kumega haukuhusu.

## Hatua ya 5: Ngazi ya kitalu

Kitalu ni kundi la viwanja lililozungukwa na barabara. Hapa swali ni maji yanakwenda wapi.

Simama barabarani mbele ya kiwanja, tafuta upande wa juu na upande wa chini. Viwanja vilivyopangwa mgongo kwa mgongo kwenye mteremko humwaga maji kimoja juu ya kingine, na kilicho chini hupokea ya wote. Tafuta mtaro. Tafuta kalavati, na uone kama linatoka mahali na kwenda mahali; yapo mengi yanayotokea kwenye ukuta wa mtu.

Angalia nyumba za jirani kwa karibu. Mstari wa matope kwenye lipu, sentimita ishirini au thelathini kutoka chini, ndio kimo cha maji ya mwaka jana. Rangi mpya sehemu ya chini ya ukuta peke yake nayo inasema kitu. Viroba vya mchanga mlangoni mwezi Septemba, sihitaji kueleza.

Kisha mtafute mwenyeji, si kijana wa bodaboda. "Shikamoo mzee. Mvua ikinyesha usiku kucha, maji yanapita wapi hapa?" Usimwambie unanunua kipi. Mwache aonyeshe kwa mkono, na wewe fuata mkono.

Kiwanja cha kona kinapendwa kwa sababu ya duka. Sawa, ila kina barabara pande mbili, na nyumba inatakiwa kurudi nyuma pande zote mbili. Toa hiyo nafasi kwanza ndipo uone ramani ya nyumba yako kama inaingia.

## Hatua ya 6: Kiwanja, kodineti na bikoni

Sasa ndiyo tumefika kule ambako wengi huanzia.

Ramani ya upimaji ina jedwali la kodineti. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya mpaka Iringa mjini, tupo kanda ya UTM 36 Kusini. Kwa Jiji la Mbeya namba ya mashariki ina tarakimu sita na huanza na 5, ya kaskazini ina tarakimu saba na huanza na 90. Ukikuta vinginevyo, ama namba zimegeuzwa, ama karatasi ni ya mahali pengine.

Hapa sasa kuna mtego ambao umeshagombanisha ndugu. Upimaji mwingi nchini ulifanywa kwa datamu ya Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Ukiingiza namba za ramani moja kwa moja kwenye simu, alama itatua takriban mita 300 kutoka kiwanja kilipo. Mita 300 ni mtaa mwingine kabisa. Mtu anasimama kwenye shamba la mtu, anapiga simu kwa hasira kwamba katapeliwa.

Kwa hiyo:

1. Tafuta kwenye ramani palipoandikwa datamu. Isipoonekana, muulize mpima.
2. Kwenye programu, chagua Arc 1960 kama ramani ni ya Arc 1960, pamoja na kanda 36 Kusini.
3. Kabla ya kiwanja chako, jaribu kwanza na bikoni ya kiwanja jirani ambacho hakina ugomvi. Simu ikikufikisha pale, mpangilio ni sahihi.
4. Sasa nenda kwenye bikoni zako, moja moja.

GPS ya simu hukosea mita kadhaa, zaidi ukiwa chini ya miti. Inatosha kukuambia kama umeonyeshwa kiwanja chenyewe. Haitoshi kuamua mpaka. Hiyo ni kazi ya mpima na chombo chake.

Ukiipata bikoni, soma namba iliyochapwa juu yake na uifananishe na ya kwenye ramani. Zege jipya lisilo na namba, lililozamishwa jana, ni jiwe tu. Pima pande zote nne kwa mkanda, na ulalo mmoja pia, yaani kutoka kona moja mpaka kona inayoikabili. Pande nne zinaweza kulingana na ramani wakati kiwanja kimepinda. Ulalo ndio utakaokuambia.

Umefaulu ukiwa namba za bikoni, urefu wa pande na ulalo vinalingana na ramani, na majirani wa pande zote wanakubali mpaka wakiwa wamesimama hapo.

## Hatua ya 7: Upekuzi, ndipo hela

Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa. Utajua mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio. Soma pia masharti ya hati: aina ya matumizi, muda wa umiliki, muda wa kuendeleza. Hati ya makazi pekee haikupi gereji.

Kama hakina hati, halmashauri ithibitishe kwa maandishi kwamba namba ile ipo kwenye mchoro uliopitishwa na haijatolewa kwa mtu mwingine. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa kwamba muuzaji ndiye mwenye eneo. Si mtoaji wa viwanja, na muhuri wake hauwezi kugeuza eneo la wazi kuwa makazi.

Mkataba uandikwe na wakili, utaje namba ya mchoro, kitalu, kiwanja, na namba za bikoni zote. Malipo yapite benki. Mke au mume wa muuzaji awepo na asaini. Kesi nyingi za viwanja vya familia zinaanzia kwenye saini hiyo iliyokosekana.

Siku hiyo hiyo piga picha kila bikoni ikiwa na namba yake, ukionyesha na kitu cha kudumu nyuma yake, kisha izungushie tofali chache. Greda la barabara na jembe la jirani huzing'oa, na kumrudisha mpima kuzipanda upya ni gharama yako.